RustDesk kati ya Sinza na Korogwe: mwaka mmoja na miezi miwili

"Mama, ile mashine imegoma tena."

Baba mdogo huniita mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Alipostaafu ualimu alifungua stesheneri karibu na stendi ya Korogwe: kompyuta mbili, printa, mashine ya kutolea kopi na ile ndogo ya laminesheni. Mimi naishi Sinza, Dar es Salaam, natunza hesabu za wenye maduka. Kutoka kwangu hadi kwake ni basi la saa tano au sita, kwa hiyo kwa miaka mingi ufundi wangu kwake ulikuwa wa mdomo. "Bonyeza pale juu kulia." "Hapa penye msalaba?" "Hapana baba, hapo usibonyeze!" Ameshabonyeza.

Tulijaribu video ya WhatsApp, yeye akielekeza kamera ya simu kwenye kioo cha kompyuta. Nilichokuwa naona ni mistari inayopanda na kushuka, na kivuli cha mkono wake. Nilichokuwa nasikia ni sauti za wanafunzi waliopanga foleni. Msimu wa maombi ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, foleni hiyo ni nzito. Mtoto ametoka Magoma au Bungu na nauli ya kuja na kurudi tu, cheti chake cha kuzaliwa kimeshahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na sasa fomu inatakiwa ichapishwe, isainiwe, iskaniwe na kupandishwa. Printa ikigoma siku hiyo, mtoto huyo analala mjini kwa watu au anarudi nyumbani bila kitu. Ndiyo sababu nimeamua kuandika kwa kirefu kuhusu RustDesk, programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mwenzako ukiwa mbali, ambayo wengine wanaweza kuiona ndogo.

Kabla ya RustDesk nilipita kwingine. Windows ina Remote Desktop yake, lakini kompyuta inayoingiliwa lazima iwe na toleo la Pro au zaidi, na ya baba mdogo ni Home. Hata kama ingekuwa Pro, ukiingia kwa njia hiyo kioo cha mwenyeji kinajifunga na yeye haoni unachofanya. Mimi nataka aone. Ni mwalimu, anajifunza kwa kuangalia, na akishaona mara mbili hanipigii tena kwa jambo hilo. Kuna pia Quick Assist, ambayo ni nzuri na imo ndani ya Windows tayari. Ukishika Ctrl, kitufe cha Windows na Q inafunguka. Lakini anayesaidia anatakiwa awe na akaunti ya Microsoft na awe kwenye Windows, na laptopu yangu ni ya Ubuntu, aina ya Linux. Ya tatu ilikuwa programu moja maarufu ambayo ilitufaa wiki tatu, kisha ikaamua kwamba sisi ni biashara, ikawa inatukata kila baada ya dakika chache katikati ya kazi. Siwalaumu kwa kutaka kulipwa. Nalaumu namna walivyokata, bila onyo, mtoto wa watu akiwa anasubiri fomu.

RustDesk nilielekezwa na fundi mmoja wa Kariakoo. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi kwa leseni ya AGPL, umeandikwa kwa lugha ya Rust, na inaingia kwenye Windows, Linux, Mac na Android. Haitaki ufungue akaunti. Ukiifungua, kila kompyuta inapata namba yake ya utambulisho, na chini yake kuna neno la siri la muda. Anayeomba msaada anamsomea mwenzake namba na neno, mwenzake anaandika, kioo kinafunguka. Siku ya kwanza baba mdogo alinisomea kwa sauti yake ya darasani: "K kama Korogwe. M kama Mombo. Sita. H kama Handeni." Sekunde chache baadaye meza ya kompyuta yake ikatokea mbele yangu, na picha ya wajukuu ikiwa nyuma ya mafaili. Nikasogeza kishale. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nakuona. Unatembea."

Neno la tahadhari hapo hapo: ipakue kutoka rustdesk.com au ukurasa wao wa GitHub tu. Programu ya aina hii ikitoka mahali pabaya, umempa mwizi ufunguo wa nyumba.

Sasa nieleze matatizo, maana ndiyo yanayowakatisha watu tamaa, na karibu yote kwetu hayakuwa ubovu wa programu.

La kwanza lilitupotezea dakika ishirini nzima. Nilikuwa nataka kusakinisha dereva ya printa. Nikabofya faili mara mbili, na picha upande wangu ikaganda palepale. Kishale hakisogei. Nikasubiri, nikidhani ni mtandao wa Korogwe. Nikazima wifi yangu, nikawasha data ya simu. Bado. Baba mdogo naye kimya, simu iko sikioni, nasikia feni inazunguka. Mwishoni nikamuuliza, "Baba, wewe unaona nini hapo?"

"Kioo kimefifia, kuna kiboksi katikati kinauliza Ndiyo au Hapana. Nilijua utabonyeza wewe."

Kile kiboksi ni swali ambalo Windows huuliza kabla ya kuruhusu programu ibadilishe kitu ndani ya mfumo. Kwa usalama, Windows hulihamishia swali hilo kwenye skrini ya pekee ambayo programu za kawaida haziruhusiwi kuiona wala kuigusa. RustDesk tuliyokuwa nayo ilikuwa imefunguliwa tu kama faili, haijasakinishwa, kwa hiyo nayo ilikuwa programu ya kawaida. Mimi naona picha iliyoganda, yeye anaona swali, na kila mmoja anamheshimu mwenzake. RustDesk ilikuwa imeniletea ujumbe kuhusu jambo hilo mwanzoni kabisa, nikaufunga bila kuusoma.

Dawa ni kuisakinisha. Kwenye dirisha lake la kwanza la Windows kuna kitufe cha kufanya hivyo. Mwenye kompyuta anajibu Ndiyo mara moja, na kuanzia hapo RustDesk inakaa kama huduma ya mfumo, inaonyesha yale maswali, na hata kompyuta ikizimwa na kuwashwa unaiona kuanzia pale inapoomba nywila. Mtu akikuambia "inaganda kila nikitaka kuweka programu", muulize kwanza kama imesakinishwa. Mara nyingi utakuwa umemaliza kazi.

La pili lilikuwa upande wangu. Baba mdogo alitaka kuona ninavyopanga hesabu za siku kwenye lahajedwali, kwa hiyo safari hii yeye ndiye aingie kwangu. Akaingiza namba yangu, akasema anaona weusi mtupu. Ubuntu 22.04 niliyonayo huanza na Wayland, mfumo unaochora madirisha kwenye kioo, na Wayland hairuhusu programu ichukue picha ya kioo bila mwenye kompyuta kukubali na kuchagua ni kioo kipi. Dirisha la kuchagua lilikuwa limejificha nyuma ya madirisha mengine. Nikachagua, akaona. Lakini kila akiunganisha naulizwa tena, na Wayland haimruhusu mgeni kufika kwenye ukurasa wa kuingia kabla hujaandika nywila. Kwa matumizi yetu nilirudi Xorg, mfumo wa zamani wa kazi hiyo hiyo: pale unapoingia, ukishabofya jina lako, chini kulia kuna gurudumu la mipangilio, bofya, chagua "Ubuntu on Xorg", kisha ndio uandike nywila. Mwenye Ubuntu mpya ajue kwamba kuanzia toleo la 25.10 chaguo hilo la Xorg limeondolewa, kwa hiyo huko utaishi na lile swali. Wenye Mac nao wana lao: lazima waende kwenye mipangilio ya faragha na usalama, waipe RustDesk ruhusa ya kurekodi kioo na ile ya ufikivu. Ukitoa ya kwanza ukasahau ya pili, mgeni anaona kila kitu lakini hawezi kubofya chochote.

Kibodi nayo. Nywila ya barua pepe ya stesheneri ina alama ya @, na kila nikiiandika inakataliwa. Nikafungua Notepad kwake nikaandika @ peke yake. Ikatokea alama ya kunukuu. Windows yake imewekwa kibodi ya Uingereza, yangu ya Marekani, na RustDesk ilikuwa inapeleka mahali pa kitufe badala ya herufi yenyewe. Kwenye menyu ya juu, sehemu ya kibodi, nikabadilisha kutoka "Map" kwenda "Translate". Kazi ikaisha.

Mtandao ndio wenye mengi, na hapa ningependa msomaji anifuate polepole.

RustDesk hujaribu kwanza kuzikutanisha kompyuta mbili moja kwa moja. Seva inamwambia kila mmoja mwenzake yuko wapi, kisha wote wawili wanagonga mlango kwa pamoja ili ruta zao zifungue njia. Ikishindikana, picha inapitia kwenye seva ya kati, inapokelewa na kupelekwa. Alama iliyo kwenye kichupo cha muunganisho hukuambia mko kwenye njia ipi, na zote mbili zimefichwa kwa msimbo. Sisi wa intaneti ya simu tuna tatizo la pekee: kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa hiyo ruta yako haina mlango wake mwenyewe wa kufungua. Ukikuta anwani ambayo ruta imepewa na kampuni inaanzia 100.64 hadi 100.127, hapo ndipo ulipo. Mimi niko hivyo, baba mdogo yuko hivyo. Kwa hiyo muunganisho wetu karibu kila mara unapita njia ya kati, na seva ya kati ikiwa mbali, kishale kinachelewa kufuata mkono.

Nilichofanya ni kuweka seva yetu wenyewe. RustDesk inatoa programu ya seva bure: hbbs ni ile inayotunza namba na kuwakutanisha watu, hbbr ndiyo inayopitisha picha. Nilikodi seva ndogo, nikaziweka kwa Docker, chombo cha kuendeshea programu zikiwa zimefungashwa tayari. Jumamosi yangu nzima iliishia kwenye poti moja, yaani mlango wa mtandao wenye namba. Nilifungua TCP 21115 hadi 21119 kama maelekezo yanavyosema, nikaingiza anwani ya seva kwenye kompyuta zote mbili, na kila nikijaribu naambiwa mwenzangu hayuko hewani, ilhali yuko, ananiambia kwenye simu amekaa mbele yake. Saa kumi na moja jioni ndipo nilipoona: 21116 inatakiwa ifunguliwe kwa TCP na kwa UDP pia, ambazo ni namna mbili tofauti za kupitisha data. Ile ya UDP ndiyo kompyuta hutumia kujiandikisha kwa seva na kupiga hodi kila mara kwamba bado ipo. Bila hiyo, kwa seva ni kana kwamba kompyuta haijawahi kuzaliwa. Nikaifungua, na kile kitone chini ya dirisha kikawa kijani.

Kingine cha seva yako mwenyewe: lazima unakili ufunguo ulio kwenye faili la id_ed25519.pub, uubandike kwenye mipangilio ya kila kompyuta. Ukiacha herufi moja au nafasi mwishoni, utaambiwa ufunguo haulingani. Usiuandike kwa mkono. Mimi nilimtumia baba mdogo kwa WhatsApp, akaunakili kutoka WhatsApp ya kwenye kompyuta.

Je, kila mtu anahitaji seva yake? Hapana. Kama unamsaidia mzazi mara moja kwa mwezi, seva za bure za RustDesk wenyewe zinatosha, tumia hivyo hivyo. Sisi tunaingia karibu kila siku ya kazi.

Kwa picha yenyewe, kompyuta yake ni ya zamani, RAM ni GB 4. Nilishusha ubora hadi ile hali inayotanguliza wepesi badala ya uzuri, nikachagua kodeki (namna ya kubana picha) ya VP8 ambayo haiichoshi prosesa yake. Herufi zinakuwa na ukungu kidogo ukiviringisha ukurasa, kisha zinatulia. Bando halitishi, kwa sababu kinachotumwa zaidi ni kile kilichobadilika kwenye kioo. Fomu iliyotulia haili kitu. Kinachokula ni video. Siku moja kijana wa dukani aliacha mpira unaonyeshwa kwenye pembe ya kioo nami nikiwa ndani, na bando la siku likaisha kabla ya mapumziko.

Na kompyuta iliyolala haipokei simu. Hili nalisema kwa sababu simu nyingi za "RustDesk imekufa" zilikuwa hili tu. Ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, weka isilale kabisa ikiwa kwenye chaji au soketi. Kioo kizime, hiyo sawa. Kwa umeme unaokatika, ndani ya BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows) ya kompyuta nyingi kuna mahali pa kuiambia iwake yenyewe umeme ukirudi. Tuliweka. Baba mdogo bado anafurahi akiiona inawaka bila kuguswa.

Limebaki jambo ambalo kwangu ni zito kuliko poti na kodeki. Kwenye kompyuta ya stesheneri kuna maisha ya watu: vitambulisho vya taifa, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya vifo vya wazazi wa watoto wanaoomba mkopo, picha za pasipoti. Wenyewe walimkabidhi baba mdogo, hawakunikabidhi mimi. RustDesk ingeniruhusu kuweka neno la siri la kudumu na kuingia saa yoyote, hata usiku. Tulikaa tukazungumza, tukakubaliana hapana. Kwenye mipangilio ya usalama tuliweka kwamba kila muunganisho ukubaliwe kwa kubofya na aliyeko mbele ya kompyuta. Nikiomba kuingia, kwake kinatokea kidirisha, anafunga kwanza mafaili ya wateja, ndipo anakubali. Kidirisha hicho kinabaki pale muda wote kikionyesha kuna mgeni, na kina kitufe cha kunitoa. Gharama yake ni kwamba akiwa msikitini au amekwenda kula, mimi siwezi kufanya lolote. Tumeikubali gharama hiyo.

Na nimemwambia, kama ninavyowaambia wateja wangu wote: mtu akikupigia simu akasema anatoka benki, kampuni ya simu au popote pale, akataka uweke programu kama hii umsomee namba, kata simu. Ni ndugu wa yule tapeli wa "tuma kwa namba hii". Tofauti ni kwamba huyu anaingia mpaka ndani. Programu hii haina kosa hapo, ila nguvu yake ni ile ile kwa msaidizi na kwa mwizi, na wazee wetu wanaheshimu sana sauti yenye mamlaka. Wafundishwe kabla.

Nani nisingemshauri? Anayetaka kufanya usanifu wa picha au kuhariri video kwa mbali kwa intaneti ya simu, ataumia. Na ofisi kubwa yenye kompyuta mia, hao watafute mtu wa mifumo akae nao, waangalie pia toleo la seva la kulipia. Lakini kwa duka, shule ndogo, ofisi ya mtaa, au mtoto aliye Dar na mzazi aliye Korogwe, sijapata kingine kinachokaribia. Kuhamisha mafaili kunafanya kazi vizuri pia: naburuta fomu kutoka upande wangu, inatua kwake, sihitaji kuipitisha kwenye barua pepe.

Jumanne iliyopita alipiga. "Shikamoo baba." "Marahaba mama. Ingia, lakini leo usiguse." Nikaweka ile hali ya kutazama tu. Kwenye kioo nikaona kishale chake kikienda polepole hadi kwenye orodha ya printa, kikaondoa kazi tatu zilizokwama, moja baada ya nyingine, kikarudi kwenye fomu, kikabofya kuchapisha. Kwenye simu nikasikia printa ikivuta karatasi, na sauti ya binti ikisema, "Asante mwalimu."